Tableau ya Syauswa

Beni, Beu, tarehe 14 Machi 2023

Luc mdogo wangu,

Salamu zifike kwako na kwa Elsa kabla ya lingine lolote. Sisi hapa Beu tupo. Bénie amerefuka hata sketi ya shule imekuwa ya kuchekesha, na hataki nimwambie. Mama alituma ndizi kutoka Kasugho kwa lori la mbao, nusu zikafika zimeiva kupita kiasi, tukazila hivyo hivyo. Goti lake bado linamsumbua, lakini ukimtajia habari ya kuhamia mjini anaanza kuzungumzia mihogo yake. Nimesikia tumbo la Elsa limekuwa kubwa. Aache kubeba maji, wewe una mikono miwili.

Ninakuandikia kwenye karatasi kwa sababu ya simu yako. Kila nikitamka jina la Syauswa, réseau yako inakufa palepale. Karatasi haina réseau. Kahongya atakuletea kwa pikipiki hadi mkononi, na nimemwambia asiondoke mpaka aone umeifungua.

Sasa sikia. Jumapili Syauswa alisimama kanisani wakati wa matangazo. Alisema anajenga usine mpya, kiwanda cha kukoboa kahawa, kubwa kuliko ile ya kwanza, na kwamba tableau ya umeme, lile kabati linaloongoza mashine zote, inatengenezwa Butembo kwenye atelier ya Éliakim. Alitamka Éliakim kama mtu anayetamka Ulaya. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa mstari wa nyuma kabisa, maana ndipo wananiachia nafasi siku hizi.

Kwenye atelier ya Éliakim najua ni nani anayefunga waya.

Siku ya mazishi hatukuweza kuongea, kwa hiyo acha nikuandikie yote. Salomon wangu hakufa palepale kwenye mashine ya Syauswa. Aliishi hadi jioni hospitalini, akanishika kwa mkono uliokuwa umebaki, akaniambia: "Nilibonyeza ile nyekundu, Gode. Nilibonyeza." Kahawa ilikuwa imekwama ndani. Alibonyeza kitufe chekundu cha kuzuia mashine, kama alivyofundishwa, akaingiza mkono kuitoa. Mwenzake wa upande wa pili hakumwona, akabonyeza kijani. Mashine ikatembea, na nyekundu imebonyezwa.

Kesho yake Syauswa alikwenda kwa pasteur akasema Salomon alikuwa amelewa, hakubonyeza kitu. Salomon! Mtu ambaye kwenye harusi alinusa kwanza glasi ya juisi kabla ya kuinywa. Pasteur akaamini, na kwaya ambayo mume wangu aliiongoza tangu Bénie hajazaliwa ikakataa kumwimbia. Alishuka kaburini kimya kama mwizi. Wewe ulikuwepo, uliona.

Sitaki kitu cha Syauswa. Nataka jina la mume wangu lirudi. Aliyelichafua alirudishe mwenyewe, kwa mdomo wake au kwa mwili wake, mimi sichagui.

Leo nakuomba jambo dogo tu. Nifundishe tableau inafungwaje vizuri. Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu.

Dada yako,
Godelive


Butembo, tarehe 2 Aprili 2023

Yaya Godelive,

Kahongya alisimama mlangoni kama askari wa kizuizini hadi nikafungua bahasha. Elsa alicheka sana. Anakusalimu, na ametumia barua yako kunikabidhi madumu ya maji mbele ya majirani. Butembo ni matope tu. Jana motard mmoja alianguka na wateja wawili na mbuzi mbele ya atelier, akainuka mbuzi peke yake akiwa safi.

Ndiyo, kazi ile iko mikononi mwangu. Patron Éliakim alinipa michoro wiki iliyopita.

Umeuliza namna ya kufunga vizuri. Nitakueleza, ingawa nakumbuka ulivyokuwa ukisema mimi hata shati sijui kulifunga vifungo.

Kwanza mchoro. Sikati waya hata moja kabla ya kuusoma mchoro wote, na tableau ikiondoka hapa, nakala inakaa kwenye mfuko nyuma ya mlango. Matundu yote ya kabati natoboa likiwa tupu. Kuna watu wanaotoboa wakiwa wamekwisha kupanga vifaa, chembe za chuma zinaingia ndani, na miezi baadaye moto unatoka wakisema ni uchawi. Waya nene za moteur zinapita upande wao, nyembamba zinazotoa amri zinapita upande mwingine, kila kundi ndani ya goulotte yake, ule mfereji wa plastiki wenye kifuniko. Ukizichanganya, zile kubwa zinazisumbua ndogo na mashine inaanza kufanya mambo ambayo hakuna aliyeiamuru.

Mwisho wa kila waya navisha kikofia cha chuma, nakibana kwa koleo lake, ili unywele wa shaba usitoke nje. Chini ya skrubu moja naweka waya moja. Nikishakaza, naishika naivuta. Kila moja, Yaya. Inayotoka nairudia, na Malachie, mwenzangu wa kazi, anavuta zote tena nyuma yangu, maana mtu hajichunguzi mwenyewe.

Halafu namba. Kila waya ina namba yake huku inapoanzia na kule inapoishia, namba ileile iliyo kwenye mchoro. Mtu nisiyemjua, mwaka ambao sitakuwepo, akifungua atajua hii inatoka wapi na inakwenda wapi.

Na waya ya ardhi, ile ya kijani na njano. Mwili wote wa chuma unafungwa nayo. Watu wengi wanasahau mlango, wanasema bawaba zinatosha. Bawaba hazitoshi. Mlango ukikosa waya yake, siku waya nyingine ikichubuka na kuugusa, umeme unakaa pale ukimsubiri atakayeufungua.

Nimeandika kirefu. Msalimie Bénie, mwambie kimo ni baraka.

Mdogo wako,
Luc


Beni, tarehe 20 Aprili 2023

Luc,

Wasingya, asante, kwa barua. Nyumbani hatujambo, Bénie amepona kikohozi. Nilisoma habari za namba na vikofia na vifuniko. Unazisuka waya kuliko ulivyowahi kuchana nywele zako mwenyewe.

Nilipofika kwenye yale ya mlango nikasimama.

Basi nakwambia waziwazi. Syauswa hawezi kuwa na kitu bila kukishika. Gari lake analifuta mwenyewe kwa leso. Hiyo tableau ataifungua yeye, mara ya kwanza na kila siku, ili watu waone ni yake. Usahau waya ya mlango. Usahau, basi, kama watu wengi wanavyosahau, ulisema mwenyewe ni wengi. Na waya moja kati ya hizo nyingine uiache imechubuka mahali inapoweza kuugusa.

Hakuna atakayekuuliza. Watasema alikuwa amelewa.

Nijibu upesi. Kahongya anapanda Butembo kila wiki.

Godelive


Butembo, tarehe 18 Juni 2023

Yaya Godelive,

Usikasirike kwa kuchelewa kwangu. Elsa amejifungua msichana, mzima, mwenye sauti ya pasteur. Tumemwita Hulda. Mama alikuja kutoka Kasugho pamoja na goti lake, akakaa hapa wiki nzima akilaumu kuni zetu. Barabara nayo unaijua, kuna siku Kahongya mwenyewe alirudia njiani kwa sababu ya milio ya risasi.

Kabati limefika, kubwa, la rangi ya majivu, linanipita urefu. Nimeanza. Waya za amri nimechagua nyekundu zote, laini, za aina moja, kwa hiyo ukisimama mbali unaona kama kitambaa kimoja kilichonyooshwa kwa pasi. Vitufe vyekundu vya kuzuia viko vitatu, kimoja kila upande mtu anapoweza kufanyia kazi na kimoja mlangoni. Nimevipanga kwa mfuatano, umeme wa amri unapita kwenye kimoja kabla ya kufika kingine. Ukibonyeza chochote, njia imekatika, na kijani hata ukikipiga nyundo mashine haisikii. Patron Éliakim alipita akatazama, akasema ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Huwa hasemi hivyo.

Kuhusu lile lingine, huku mvua imenyesha sana.

Luc


Beni, tarehe 25 Juni 2023

Luc,

Hongera kwa mtoto. Mungu amkuze. Mbusu kwa niaba yangu, na hapo ndipo salamu zangu zinapoishia.

Mvua imenyesha! Nimekuandikia kilicho moyoni mwangu, kitu ambacho sikumwambia hata Mama, na wewe unanijibu habari za mvua? Miezi miwili nimekuwa nikitoka nje kila nikisikia pikipiki. Bénie anadhani nina mwanaume.

Unataka kujua jinsi ninavyoishi? Jumatano kwenye soko mke wa shemasi alikataa kununua mchele wangu. Aliuliza bei, akaniangalia usoni, akanitambua, akalirudisha bakuli chini. Bénie ameacha kuimba. Mtoto aliyekuwa anaimba hata akipiga mswaki! Shuleni wanamwita "binti wa chupa". Na wewe, kaka wa mama yake, unamfungia Syauswa tableau nzuri kuliko zote ulizowahi kufanya, na unaniandikia ulivyoipiga pasi.

Salomon ndiye aliyekupeleka institut technique, ile shule ya ufundi. Alikwenda kwa miguu kukuombea nafasi. Hiyo mikono unayojivunia ilianzia kwake.

Kama unamwogopa Syauswa, sema. Kama umenunuliwa, sema pia. Lakini usinyamaze tena.

Godelive


Butembo, tarehe 16 Julai 2023

Yaya,

Mtoto anakua, Elsa anapona vizuri. Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika nyingine nikaichana. Hii naipeleka kama ilivyo.

Sitaacha mlango bila waya ya ardhi. Sitachubua waya yoyote. Hapana.

Usidhani ni upole. Mimi namchukia Syauswa kuliko unavyojua. Kesho yake baada ya mazishi nilikwenda kwenye usine yake kuomba kuiona tableau ya zamani. Niliikuta imeng'olewa, ukutani kumebaki matundu manne, na yeye ananiambia kwa upole kwamba chuma chakavu amekwisha kukiuza. Mtu amezikwa jana! Tangu siku hiyo najua alichofanya bila kukiona. Vitufe vile vyekundu vinamchosha mwenye haraka. Mfanyakazi anakiegemea kwa bega, mashine inasimama, kahawa inasubiri. Basi mwenye haraka anachukua kipande cha waya, anakiunganisha juu ya kitufe, umeme unapita pembeni, na nyekundu inabaki pambo. Salomon alibonyeza pambo.

Sasa nikimfanyia Syauswa kama unavyotaka, mimi na yule aliyeweka kile kipande tumekuwa fundi mmoja. Na mlango hauchagui, Yaya. Utafunguliwa na mtu wa kufagia, baba wa watoto watano, siku Syauswa yuko harusini.

Hiyo ndiyo sababu ninayoweza kumwambia hata Mama. Nyingine ni yako peke yako. Mtu akifa kwa umeme, watu wanamlilia. Syauswa atazikwa na kwaya, mashairi na taji la maua, na Salomon atabaki mlevi. Sitaki alie mtu yeyote kwa ajili yake. Nataka aishi, asimame wima, na watu wamtazame.

Ninaifunga tableau hii vizuri kupita kiasi makusudi. Nataka iwe nzuri hata ashindwe kuufunga mlango mbele ya wageni. Na namfahamu, aliyechoshwa na kitufe cha kwanza atachoshwa na cha pili. Kazi yangu yote ni nyekundu, laini, na ina namba huku na huku. Waya yoyote isiyo na namba si yangu. Shika neno hilo tu, lingine usiniulize.

Luc


Beni, tarehe 13 Agosti 2023

Luc,

Sisi wazima. Sijakusamehe, ninakuandikia kwa sababu kuna habari.

Syauswa amekuja kwangu. Hapa Beu, mlangoni kwangu, na gunia la mchele kwenye gari na kitenge kwenye karatasi ya zawadi. Mimi nauza mchele, Luc, na ananiletea mchele! Alikaa kwenye kiti cha Salomon. Nilimwacha akae.

Akasema: "Mama Bénie, ile maneno ya zamani tuiache. Nafungua usine mupya tarehe tisa ya mwezi wa kenda. Pasteur atakuwa, batu ya kanisa yote batakuwa. Nataka weye njo ubonyeze bouton ya kwanza. Batu baone kama hatuna shida."

Umeelewa? Watu wananong'ona, na yeye anahitaji kidole changu kiwanyamazishe. Alimla mume wangu, sasa anataka nimpanguse mdomo.

Nilimwambia ndiyo. Nilimwambia kwa sauti tamu hata Bénie alitoka chumbani kunitazama. Gunia nikamwomba alirudishe, nikasema sina mahali pa kuliweka.

Nimesoma tena barua yako ya mwezi wa saba. Niambie siku hiyo inakwendaje. Nani anabonyeza nini, na lini.

Godelive


Kasugho, tarehe 27 Agosti 2023

Yaya,

Nakuandikia kutoka kwa Mama. Patron amenituma huku kufunga moteur ya mashine ya mbao, kwa hiyo tarehe tisa sitakuwa Beni. Mama anauliza kwa nini unaniandikia sana ilhali zamani hukuwa ukiandika. Nimemwambia ni habari za mtoto.

Malachie ameshateremka na tableau. Ataunganisha na kujaribu vyote kabla ya sherehe, na siku yenyewe atajaribu tena mbele ya mwenye mali, bila kumwambia mapema, ndiyo kawaida ya atelier yetu. Vitu vilivyo vizuri siku ya Alhamisi vinaweza kuguswa siku ya Ijumaa. Jaribio ni hili. Nyekundu inabonyezwa na kubaki ndani. Anatumbukiza kijiti cha mkaratusi mahali kahawa inapoingia. Halafu kijani kinabonyezwa. Mashine ikitulia, kijiti kinatoka kizima, na kazi imekubaliwa. Kidole cha kijani kitakuwa chako.

Kama umeona kitu ndani ya kabati, mwambie Malachie kabla ya kubonyeza. Neno hilo nakusihi. Kijiti, Yaya. Kijiti tu.

Luc


Beni, tarehe 11 Septemba 2023

Luc mdogo wangu,

Msalimie Mama, umpake dawa ya goti ninayompelekea kwa Kahongya. Elsa nimeongea naye kwa simu, mtoto nimemsikia akilia, kweli ni pasteur.

Nilikwenda. Nilivaa kitenge changu cha matanga, chake nilikiacha kwenye karatasi yake. Walikuwepo wote, kwaya nzima na sare, shemasi na mke wake. Waliweka maua hadi juu ya magunia. Pasteur aliomba kirefu. Kisha Syauswa akashika mpini wa kabati lako.

Ulisema atashindwa kuufunga mlango. Hakungoja hata watu wanyamaze. Akaufungua mlango wazi kabisa, akasema: "Muangalie! Muangalie kazi ya Butembo!" Watu wakasogea wakasema aaa, kama kwenye harusi pazia likifunguliwa. Na mimi nikasogea. Ni nzuri, Luc. Sikutaka kukuambia, lakini ni nzuri, nilitaka kulia. Nyekundu zote zimelala pamoja, na vinamba vyake vyeupe.

Chini upande wa kulia kulikuwa na moja ya kahawia. Ngumu, ya kufungia taa za nyumba, imepindwa kwa koleo, haina kikofia, haina namba. Imeunganisha mahali pawili kama daraja. Malachie alikuwa upande wa mashine ameshika kijiti chake, hakuiona.

Ulinisihi nimwambie. Sikumwambia.

Malachie akaeleza jaribio, akabonyeza nyekundu mwenyewe, ikabaki ndani, watu wote wakaona. Akainua kijiti. Nikasema: "Hapana kijiti. Patron aweke mukono."

Walicheka. Syauswa naye alicheka. Nikasema tena.

"Mama Bénie, leo ni siku ya furaha."

"Njo vile. Weka mukono na furaha. Nyekundu iko ndani, mashine haiwezi tembea. Unaogopa nini?"

Pasteur akaniita jina kwa sauti ya kunionya. Nikamwambia: "Pasteur, mulisema Salomon alikuwa amelewa, njo maana mashine ilimukamata. Patron hajakunywa kitu. Yeye iko muzima. Basi aweke."

Hapo kicheko kiliisha. Syauswa alitazama mahali kahawa inapoingia, kisha akatazama kabati. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya kofia. Kutoka nyuma mtu akasema, "Weka, Patron, ni kidogo tu." Alikuwa mke wa shemasi! Kila mtu akaanza kumwambia aweke, wengine kwa mzaha, wengine bila mzaha. Akanyoosha mkono hadi kwenye kiwiko cha koti, akaurudisha. Akauficha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba sukari.

"Siweki," akasema.

"Ju ya nini?"

Nikamnyang'anya Malachie kijiti, nikakitumbukiza, nikabonyeza kijani. Mashine ikanguruma, Luc. Nyekundu iko ndani na mashine inanguruma. Kijiti kilivunjika vipande vipande mbele ya macho ya kanisa zima.

Malachie akaruka akakata umeme mkubwa, akaenda kwenye kabati, akaichomoa ile ya kahawia, akaiinua juu. "Hii si yetu! Nani aliweka?" Syauswa akapaza sauti kwamba ni technicien wake, atamfukuza leo leo. Technicien alikuwa palepale na shati lake jipya la sherehe. Akasema: "Patron, ni weye njo ulisema! Ulisema tuweke sawa na ile ya zamani!"

Nikamsogelea Syauswa hadi nikasikia harufu ya manukato yake. Nikamuuliza: "Salomon alikuwa amelewa?"

Nikauliza tena, na pasteur naye safari hii akauliza pamoja nami.

"Hapana," akasema.

"Sema na nguvu, batu ya nyuma hawasikie."

"Hapana! Hakukuwa amelewa!"

Bénie alikuwa amesimama kati ya watoto wenzake. Alisikia kwa masikio yake.

Hakuna aliyekula chakula cha sherehe. Wafanyakazi wamesema hawarudi mpaka Malachie aikague tableau yote na ufunguo wa kabati ukae kwao. Syauswa hatoki nje ya nyumba, na watoto wakipita kwenye ukuta wake wanapiga kelele, "Weka mukono!" Sijawakataza.

Jana jioni kwaya ilikuja hapa, wote, wanaomba kwenda kumwimbia Salomon kaburini. Niliwaacha wasimame uani muda mrefu. Kisha nikawaambia kaburi liko palepale, njia wanaijua, lakini mimi sitawapikia na wala sitawasindikiza. Bénie ndiye aliyewasindikiza. Huyo ni mtoto mzuri kuliko mama yake.

Watu wanapita wananipongeza kwa hekima. Wanasema nilijua hatathubutu, kwamba nilimtega kwa akili. Mke wa shemasi amenunua mchele. Malachie nadhani amekwisha kukuandikia vilevile, kwamba dada yako ana kichwa.

Wewe nakuambia jinsi ilivyokuwa. Niliiona ile waya kabla sijafungua mdomo, na nilijua inafanya nini kwa sababu ulinifundisha. Alipounyoosha mkono, kidole changu kilikuwa tayari juu ya kijani. Kama angeuingiza, Luc, ningebonyeza.

Usinijibu juu ya hilo.

Dada yako,
Godelive